Sabini na Mbili Nukta Nne

Kaloleni
17 Februari 2025

Dada Zeina,

Shikamoo. Usishangae kuona mwandiko wangu, hujauona tangu uliponifundisha kazi na kunikataza nisiandike chochote bila kalamu kwanza. Simu na kompyuta yangu viko kwa wakili wa kampuni ya kaka yako Faris tangu Ijumaa, nami nimeambiwa nikae nyumbani hadi nitakapoitwa. Chochote nikikutumia kwa mtandao kitasomwa na watu watatu kabla yako. Barua hii inaletwa na Kalama, jirani yetu anayeuza machungwa sokoni Malindi Jumatatu na Alhamisi. Ukijibu mpe yeye mkononi.

Nakuandikia kwa ajili ya Pamela, dada yangu. Ndiye aliyekuwa zamu tarehe kumi kwenye mashine ya kupasha maziwa kule Mariakani, kiwanda kile kidogo cha ushirika. Maziwa ya siku ile yalitoka bila kupata moto wa kutosha. Watoto kumi na mmoja wa chekechea walilazwa kwa homa na kuhara. Wote wamepona, namshukuru Mulungu, lakini wawili walifikia kutundikiwa maji. Sasa daftari la joto aliloliandika Pamela linasema sabini na mbili nukta nne, kila baada ya dakika kumi, mara kumi na nane mfululizo. Kamati ya ushirika inasema hakuna maziwa yanayokaa kwenye joto moja muda wa saa tatu bila kupanda wala kushuka, kwa hiyo alikaa kivulini akinakili namba. Watamsikiliza tarehe kumi na tatu Machi. Wakiona alighushi, faili linakwenda polisi, na hilo la watoto litaandikwa juu ya jina lake.

Pamela anasema kioo cha mashine ndicho kilichosema hivyo mara zote kumi na nane. Namwamini. Na kioo kile kinaendeshwa na programu yangu, iliyopita kwenye kompaila yako.

Jana aliniuliza kazi yetu hasa ni nini. Nilimweleza hivi, unisahihishe: mimi naandika maagizo kwa lugha ambayo mtu anaweza kuisoma. Kompaila ya Dada Zeina haiyapeleki moja kwa moja kwa mashine. Kwanza inayageuza kuwa msimbo wa kati, maagizo mafupi mafupi juu ya kumbukumbu: tenga nafasi, soma kilichomo kwenye anwani hii, weka hiki kwenye anwani ile. Hapo katikati ndipo inapofagia yasiyo na haja. Ikiona umesoma anwani moja mara mbili na hakuna aliyeweka kitu pale, inaifuta ile ya pili na kutumia jibu la kwanza. Ila zipo anwani zinazobadilika bila programu kuzigusa, kama ya kipimo cha joto, kwa sababu kipimo chenyewe ndicho kinachoandika pale. Hizo tunazitia alama ya "hai", maana yake: hapa nenda kaangalie kila mara, usikumbuke.

Pamela akasema, "Basi kama alama imeanguka njiani?"

Nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Mimi niliitia, hilo nina hakika nalo. Je, kwenye msimbo wa kati bado ipo? Nakuuliza kwa heshima.

Mdogo wako,
Mwambire


Malindi
20 Februari 2025

Mwambire,

Marahaba. Nimesikitika na habari za Pamela, wallahi. Mpe pole, na mama pia. Hapa ofisini Faris anatembea huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo. Ameshaniambia mara tatu kwamba hatuna kauli yoyote juu ya jambo hili, nami nimemwitikia mara tatu.

Jibu lako: alama ipo. Niliipima mwenyewe Januari, nilipobadilisha namna msimbo wa kati unavyoandika kusoma na kuweka. Unakumbuka kile kijimashine, kompyuta ndogo iliyo nyuma ya kioo, kilikuwa kimejaa pomoni, programu haiingii, ikabidi nipunguze. Nilipunguza maagizo lakini "hai" sikuigusa. Nina hakika.

Najua wewe ni mtu wa kuuliza mpaka jiwe lijibu. Ulipokuja nikufunze nilikuona, nikasema huyu hakulelewa na bibi yangu. Kwetu, bibi Raiya alikuwa akikujibu jambo, ukauliza tena, anakunyamazia hadi magharibi. Kuuliza mara mbili, akisema, ni kumshuku aliyekujibu. Hata ile sheria ya kufuta usomaji wa pili niliiandika nikitabasamu, nikimkumbuka yeye.

Angalia upande wako. Mashine ina vipimo vitatu, na wewe huvisomi kila kimoja kwa anwani yake. Unaanza kwenye anwani ya msingi kisha unapiga hatua hadi kwenye kipimo unachokitaka. Huenda hatua imezidi au imepungua, ukawa unasoma kipimo cha maji ya moto badala ya cha maziwa. Maji hukaa kwenye joto moja, maziwa hayakai. Nilikusifu sana mwaka jana, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Natania, usinune.

Nakuombea heri.
Zeina


Kaloleni
24 Februari 2025

Dada Zeina,

Shikamoo. Sijanuna. Umesema alama ipo, basi ipo, nami nimerudi kwenye yangu.

Nimeiandika programu yote kwa kalamu, kwa kichwa, kwenye madaftari mawili ya shule ya binamu zangu. Nimehesabu hatua kwa vidole. Kila nikihesabu inatoka sawa, na kila ikitoka sawa nasema labda hivi sivyo nilivyoandika kule, labda kichwa kinanipendelea. Juzi nilimwambia Pamela huenda kosa ni langu. Hakunilaumu. Alinisogezea sahani, akatoka nje. Mama ndiye aliyesema: "Kwa hiyo wewe uliyesoma ndiye unayemfunga huyu asiyesoma." Tangu hapo tunakula bila maneno.

Kitu kimoja hakinitoki. Hata kama ningekuwa nasoma maji ya moto, maji nayo hutikisika. Sabini na mbili nukta nne, kisha nukta sita, kisha nukta tatu. Hayawezi kusimama saa tatu kwenye nukta nne ileile. Na fundi wa kiwanda, Gitau, ameniambia siku ile moto wa bwela, lile tangi la kuchemshia maji, ulizimika asubuhi na hakuna aliyejua hadi saa sita. Maji yenyewe yalipoa. Kwa hiyo kioo hakikuwa kinasoma kipimo kibaya. Kilikuwa hakisomi kabisa.

Baba yangu ni mgema, unajua, kwa hiyo methali yako imefika nyumbani kwao. Hupanda mnazi uleule asubuhi, mchana na jioni, miaka thelathini. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini asikisie tu kilichomo kibuyuni. Akanijibu kwamba kibuyu hakimngoji yeye, kinajaa chenyewe, na siku mwizi akipita kinapungua chenyewe. Hana neno lolote la kompyuta, lakini alama ya "hai" nilikuwa nimeielewa kabla hujanifundisha.

Naomba kitu kidogo. Nichapie ukurasa wa msimbo wa kati wa duara la pili, yale maagizo yanayojirudia kushikilia joto maziwa yakishapata moto. Ukurasa mmoja tu. Nitauona kwa macho yangu, nitanyamaza.

Na jingine: mashine imewashwa tena wiki hii. Cynthia, msichana aliyeshika zamu ya Pamela, anaandika daftari lilelile kutoka kioo kilekile.

Mwambire


Malindi
27 Februari 2025

Mwambire,

Salamu. Printa imeharibika, na Faris hataki karatasi yoyote itoke hapa hadi kikao kipite. Wakili amesema hivyo, si mimi.

Usimwambie Pamela neno zaidi juu ya kosa ni la nani. Akiulizwa aseme alichokiona tu. Wewe pia pumzika, unajitesa.

Mwambie Cynthia atumie kipimajoto cha mkono. Kila baada ya dakika tano. Asitegemee kioo.

Ramadhani inaingia, nina mambo mengi nyumbani. Nisamehe kwa ufupi.

Zeina


Kaloleni
3 Machi 2025

Dada Zeina,

Shikamoo, na Ramadhani njema.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mwanzo nilisema dada amechoka. Mara ya pili nilisema dada anamwogopa kaka yake. Mara ya tatu nikafika pale kwa Cynthia, nikasimama.

Kwa nini Cynthia asitegemee kioo? Wiki moja kabla ulisema alama ipo na kosa liko kwangu, kwenye hatua. Kosa likiwa kwenye hatua ungeniambia nirekebishe hatua. Hukusema. Umesema asikiamini kioo, na umesema kila dakika tano. Mtu anayekisia hasemi dakika tano.

Nimempelekea Cynthia kipimajoto siku ileile, kwa hiyo hilo nakushukuru na nalisema wazi. Alipopiga simu ya Pamela kwa simu ya Gitau alisema kioo kilionyesha sabini na tatu nukta moja, kipimajoto sitini na nane. Wameyarudisha maziwa yote kwenye tangi. Msimamizi wao, Ngumbao, amesema kipimajoto hicho ni cha bei rahisi, hakiaminiki.

Nimekaa na hasira tangu siku ile, na kwetu mtu hamwandikii mkubwa wake akiwa na hasira, kwa hiyo barua hii nimeichelewesha. Bado ninayo. Ulinifunza wewe. Nilipokuja Malindi nikiwa sijui hata kuwasha kompyuta ile, ulikaa nami miezi saba. Ungeniambia mwezi uko mfukoni mwako ningekubali. Nilikubali kwamba nimewalaza watoto kumi na mmoja kwa sababu wewe ulisema "nina hakika". Nimemwambia mama yangu hivyo.

Bibi yako atanisamehe huko aliko. Nakuuliza mara ya pili: alama ya "hai", kwenye duara la pili, ipo?

Usinijibu kwa kukumbuka. Fungua, uangalie, ndipo uandike.

Mwambire


Malindi
5 Machi 2025

Bwana Mwambire,

Assalamu alaikum. Barua hii inaletwa na tarishi wa wakili. Tafadhali msubirishe ukisoma.

Nimefahamu kwamba unawasiliana na Zeina kwa njia za machungwa. Sikutaka iwe hivi. Umekuwa kijana wetu mwema na sina kinyongo nawe. Lakini nina wafanyakazi kumi na wawili ghorofani hapa, wote wana watu nyuma yao, na mashine zetu ziko mahali pengi. Likisemwa neno moja kwamba chombo chetu cha kutafsiri programu kina ila, hakuna atakayegusa kazi yetu tena kutoka hapa hadi Lamu.

Ndani ya bahasha kuna taarifa fupi. Inasema kwamba katika kusoma vipimo ulikosea hesabu ya hatua, kosa la kibinadamu lisilo la makusudi. Ukitia sahihi, wakili wetu atasimama na dada yako tarehe kumi na tatu, na daftari litaelezeka bila yeye kuitwa mghushi. Wewe utapumzika kwa muda, kisha tutaona. Usipotia, atasimama peke yake.

Fikiri vizuri. Damu nzito kuliko maji.

Faris Taib


Kaloleni
6 Machi 2025

Kwa Dada Zeina,

Hatujaonana. Mimi ni Pamela Kahonzi, dada yake Mwambire. Barua sijui kuzipanga, utanivumilia.

Jana ililetwa karatasi kutoka kwenu. Mwambire ameiweka mezani, juu yake ameweka kalamu, na tangu jana anazunguka ile meza. Anataka kutia sahihi kwa sababu yangu. Nimemwambia akitia, mimi Alhamisi ijayo siendi kwenye kikao, wakanichukulie nyumbani. Sitaki kuokolewa na uongo wa mdogo wangu.

Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia hata yeye. Kabla ya kuja mashine yenye kioo, tulikuwa tunapima maziwa kwa kipimajoto, na kabla ya kipimajoto, kwa mkono. Mgongo wa mkono unaugusisha kwenye bomba la kutokea. Miaka tisa nimefanya kazi ile. Kioo kilipofungwa, Ngumbao alitukusanya akasema mkono si kipimo, na tena ni uchafu, kuanzia leo tunaamini kioo. Tukaitika.

Lakini mkono una mazoea yake. Tarehe kumi, kama saa nne hivi, nilipita pale nikagusa bomba bila kufikiri. Lilikuwa vuguvugu. Nikaangalia kioo, sabini na mbili nukta nne. Nikamwendea Ngumbao nikamwambia bomba naliona limepoa. Akaniuliza kioo kinasemaje. Nikamwambia. Akasema, basi. Palikuwa na madereva wanangoja mitungi, wakacheka kidogo. Niliona haya kusema mara ya pili. Nikaandika nilichokiona kwenye kioo, nikaendelea kuandika hivyohivyo hadi saa sita.

Kwa hiyo daftari sikughushi. Lakini nilijua. Mkono ulijua, nami niliunyamazisha. Wale wawili waliotundikiwa maji, mmoja ni mtoto wa jirani yetu Mapenzi, hunisalimia bado, na hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi. Alhamisi nitalisema hili mbele ya kamati. Mwambire atanigombeza kwamba najichongea, na kweli huenda nikajichongea. Lakini mficha uchi hazai.

Sina elimu yenu. Sijui alama ikoje wala inaangukaje. Nimesikia tu Mwambire akikusifu miaka mitatu mpaka tukachoka. Kama na mkono wako uligusa kitu ukakiona kimepoa, hilo unalijua wewe. Mimi siwezi kukupandia moyoni nikaangalie.

Nakutakia saumu njema.

Pamela


Malindi
10 Machi 2025

Mwambire,

Alama haipo.

Nimefungua, nimeangalia, ndiyo naandika. Ukurasa huu hapa, nimeunakili kwa mkono, kwa sababu printa haikuwa imeharibika na naona haya kuitumia.

Ulivyoandika wewe, kabla ya kufagiwa:

duara:
  a = msingi + 8
  joto = soma hai a
  weka hai kioo, joto
  kama joto chini ya 72 ruka rudisha
  ruka duara

Inavyotoka kwangu, baada ya kufagiwa:

a = msingi + 8
joto = soma a
duara:
  weka kioo, joto
  kama joto chini ya 72 ruka rudisha
  ruka duara

Unaona. "Soma" imetolewa nje ya duara. Inasoma mara moja tu, wakati wa kuingia, maziwa yakiwa yamefika joto, halafu inazunguka na jibu lile milele. Moto ukizimika, maziwa yakipoa, kioo kinarudia kile kilichoambiwa mwanzo. Na ile "ruka rudisha", ya kuyarudisha maziwa tangini yakipoa, haitafikiwa kamwe. Programu yako haina kosa hata moja, Mwambire. Hatua yako ni nane na ndiyo inayotakiwa.

Kosa lilivyoingia: Januari nilipofupisha namna ya kuandika kusoma, nilibeba alama pale tu anwani inapotajwa moja kwa moja. Anwani inayopatikana kwa msingi na hatua, kama yako, sikuibebea. Nilijaribu kwa mfano wa anwani moja, alama ikaonekana, nikaridhika. Kwenye duara la kwanza halikuonekana kwa sababu mle kuna wito wa kazi nyingine, yaani kuita kipande kingine cha programu ambacho huenda kikabadilisha kumbukumbu, na kompaila ikikutana na wito haithubutu kukumbuka, inasoma upya. Duara la pili halina wito. Kwa hiyo mashine ilipasha vizuri, ikafika sabini na mbili nukta nne, ikasinzia hapo.

Sasa lile lililo baya zaidi. Uliponiuliza mara ya kwanza sikuangalia. Nilikujibu kwa kukumbuka Januari. Nilikufanyia wewe kile ambacho kompaila yangu ilimfanyia Pamela, na sikuona. Barua yako ya pili, uliposema kioo hakisomi kabisa, nilifungua siku ileile. Dakika mbili nilikuwa nimeshaona. Nikafunga. Nikamwonyesha Faris, akanishika mkono akasema, "Zeina, hili tumeliona mimi na wewe tu." Ni kaka yangu, ndiye aliyenisomesha baba alipofariki. Nikakuandikia ule uongo wa printa. Njia ya mwongo fupi, na yangu haikufika hata Kaloleni: nilishindwa kumwacha Cynthia mbele ya kioo kile, ikanitoka ile sentensi ya kipimajoto. Baada ya kumpa Kalama bahasha niliomba uielewe, na niliomba usiielewe.

Leo ni siku ya tisa nimefunga. Nimeacha chakula na maji, ulimi sijaufunga. Barua ya Pamela nimekaa nayo tangu Alhamisi. Yeye alisema mara moja akachekwa na madereva. Mimi hakuna aliyenicheka, na sikusema hata hiyo moja.

Usitie sahihi. Ile karatasi ichomwe. Alhamisi nakuja Mariakani mwenyewe, na kijimashine cha akiba, na programu zote mbili, ya zamani na niliyorekebisha jana. Nimeshamwambia Faris. Aliniuliza kama nimefikiri, nikamwambia nimefikiri mara mbili. Hajanisemesha tangu hapo, jana alifuturu chumbani kwake. Wenye mashine zetu nyingine nimewapigia simu asubuhi hii mmoja mmoja, saba, wote nimewaambia wasiamini kioo hadi nifike.

Sikuombi chochote. Mwambie Pamela alete daftari.

Zeina


Kaloleni
17 Machi 2025

Dada Zeina,

Shikamoo.

Uliondoka kabla kikao hakijaisha, na Kalama amesikia hushindi ofisini siku hizi, kwa hiyo nakupa mwisho wake, usije ukausikia kwa mtu mwingine.

Ulipotoka, kamati walikaa wenyewe nusu saa. Lililowaamua halikuwa maneno, si yako wala ya wakili. Ni pale Gitau alipokitia kipimo cha kijimashine chako, chenye programu ya zamani, kwenye maji ya moto, kioo kikasema sabini na mbili nukta nane, halafu akakitumbukiza kwenye ndoo ya barafu mbele yao wote, na kioo kikaendelea kusema sabini na mbili nukta nane. Mwenyekiti alisimama akaja kutia kidole kwenye ndoo. Akakiangalia kioo. Akarudi akatia kidole tena. Pamela alikuwa ameketi na daftari mapajani, sikumwona akilia siku zote hizi, pale alilia.

Wameandika kwamba hakughushi. Faili haliendi polisi. Lakini kwa lile la bomba, alilolisema mwenyewe bila kuulizwa, wamempa onyo la maandishi, na Ngumbao wamempa kali zaidi. Pamela amelipokea lake. Anasema onyo lile ni la haki na ameliweka kabatini pamoja na cheti cha ubatizo. Jumamosi alirudi kazini. Kipimajoto kimefungwa kwa kamba kwenye bomba, na yeye na Cynthia wanaandika safu mbili: kioo kilisema nini, kipimajoto kilisema nini. Jioni ya siku ile alipitia kwa Mapenzi kabla ya kufika nyumbani. Sikumuuliza walizungumza nini.

Mama ameanza kuzungumza nami. Alianza kwa kunituma chumvi.

Nikuambie nilichokiona mimi. Mwenyekiti alipokuuliza, baada ya maelezo yote, "Binti, una hakika?", nilikutazama. Ningeapa ungesema ndiyo, kwa sauti ile ninayoijua. Ukasema, "Ngoja niangalie tena." Ukaufungua ukurasa, watu ishirini wakikungoja, ukapitisha kidole mstari kwa mstari, ndipo ukajibu. Nimekaa nawe miaka mitatu na sikuwahi kukuona ukifanya hivyo.

Faris ameniandikia nirudi kazini. Sijamjibu. Karatasi yake niliichoma kwenye jiko la mama, kama ulivyosema.

Hukuniuliza kama nimekusamehe. Uliniambia pale mlangoni kwamba huna haki ya kuuliza, ukaingia garini. Haki unayo. Niulize.

Leo jibu ni bado. Nimelala nalo siku nne na ndilo lilivyo, siwezi kukuandikia jingine kwa kukupendeza. Lakini usilichukue hilo ukakaa nalo Malindi mwaka mzima, ukijiambia Mwambire alishajibu. Baba asubuhi hii amepanda, na mchana atapanda, na jioni.

Uliza tena.

Mwambire